Mbao ya Chombo Hukaushwa Kivulini

Somo kwa wanachama wanaotaka kuunda mashua nyumbani

Ndugu Wanachama,

Tangu msimu uliopita wengi wenu mmetuuliza maswali mawili. La kwanza ni kwa nini mashua ya Chama ilivuja. La pili ni mtu afanyeje akitaka kuunda chombo chake mwenyewe nyumbani, kwa miti ya shambani mwake. Maswali hayo mawili jibu lake ni moja, na leo tutalieleza kwa utaratibu. Twaomba msomaji asome mpaka mwisho kabla ya kutia shoka mtini.

Kosa letu

Mashua ile mliiona. Miembe ilikatwa mwishoni mwa masika, ikapasuliwa wiki ile ile, na baada ya wiki saba chombo kikashushwa majini kwa vigelegele, kwa sababu karafuu zilikwisha kuiva na wachumaji walikuwa wakingojwa ng'ambo ya mkono wa bahari. Fundi alitutahadharisha kwamba mbao bado ni mbichi. Sisi ndio tuliomhimiza. Hapana budi tuliseme hilo wazi, ili lawama isimwendee asiyestahili.

Mwezi wa kwanza hapakuonekana kasoro. Mbao za chini zilikuwa ndani ya maji, zikabaki zimejaa. Lakini mbao za juu, zilizokaa juani na upepo wa kusi kila siku, zilisinyaa, na mianya ikafunguka katikati yake. Maadam chombo kilikuwa chepesi, mianya ile ilikuwa juu ya maji na hakuna aliyeijali. Siku tuliyopakia magunia ya karafuu kavu, mashua ilizama kwa uzito wake mpaka mianya ikafika majini, na maji yakaingia pande zote mbili kwa mara moja. Watu sita walikuwemo, wawili kati yao watoto. Mwenyezi Mungu aliwasalimisha wote, kwa kuwa maji yalikuwa yakitoka na fungu la mchanga lilikuwa karibu. Karafuu hazikusalimika.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza mafundi, na safari yetu ya bara ilitupa nafasi ya kujifunza zaidi.

Safari ya Mbinga na Ziwa Nyasa

Tulikwenda Mbinga, katika Mkoa wa Ruvuma, kuwatembelea wakulima wa kahawa. Watu wa huko si wageni katika mambo ya ushirika: chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kiliandikishwa tangu mwaka 1936. Tuliyaona mashamba ya Wamatengo katika miteremko mikali, yaliyochimbwa vishimo vya ngolo ili mvua isichukue udongo. Hayo tutayaeleza siku nyingine. Leo tushuke ziwani.

Kutoka mji wa Mbinga mpaka Mbamba Bay ni kilometa 66, na siku hizi ni barabara ya lami. Mtu hutoka katika baridi ya milimani akateremka mpaka penye joto, migomba ikabaki nyuma na mashamba ya muhogo yakatokea, kisha ghafla aliona ziwa. Sisi watu wa kisiwani tulidhani tumerudi kwetu. Mwambao huo, wenye Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga mpaka mwaka 2012, ulipofanywa Wilaya ya Nyasa. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilometa 560 hivi, na penye kina kirefu ni kiasi cha mita 700. Mtu asidhani kwamba kwa kuwa ni ziwa basi ni bwawa. Kuanzia Mei mpaka Agosti huvuma upepo wa kusini wanaouita mwera, ndugu wa kusi letu, na mawimbi yake huvunja vyombo.

Watu wa pwani waliwahi kuunda vyombo katika ziwa hilo. Katikati ya karne ya 19, Salim bin Abdallah, mtu wa pwani aliyejulikana kwa jina la Jumbe, alikaa Nkhotakota, ukingo wa magharibi, na majahazi yake yalikuwa yakivuka mpaka ukingo wa mashariki. Mzigo wake ulikuwa pembe na watumwa, na hilo si jambo la kujivunia. Lakini ni ushahidi kwamba ufundi wa kuunda majahazi ulifika kule, ukatumia miti ya kule.

Pale Liuli tulikutana na mzee mmoja fundi wa mitumbwi na mashua. Tulimwamkia, akatuweka kitini chini ya mwembe, na karibu yetu palikuwa na gogo lililochongwa nusu, limefunikwa majani makavu, na ncha zake mbili zimepakwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Tulimweleza yaliyotupata. Hakucheka. Akasema:

"Wanangu, mti ukikatwa una maji yake bado. Maji hayo lazima yatoke. Mkiyatoa taratibu, yatatoka nchi kavu. Mkiharakisha, mtayalipia majini."

Akatuambia kwamba mti wa mtumbwi huchongwa kwanza kule kule ulikoangukia, ili upungue uzito, kisha huvutwa juu ya magogo mpaka ufukoni. Mti hauendi ila kwa nyenzo. Hapo huwekwa kivulini, ukafunikwa, ukangojwa, na ukumbi wake haumalizwi kuchongwa mpaka umetulia.

Karafuu hukaushwa juani, mbao kivulini

Hapa ndipo tulipolielewa kosa letu. Sisi wakulima wa karafuu twajivunia kwamba twajua kukausha. Karafuu huanikwa juani siku chache, hupinduliwa, na kilo 3 za mbichi hubaki kilo 1 hivi. Kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo zinavyopendeza. Basi tulizianika mbao zetu vile vile, uwanjani, juu ya sakafu ya kuanikia, katika jua kali.

Walakini karafuu ni ndogo, na maji ya ndani yake hufika nje upesi. Ubao ni mnene. Jua likiupiga, ngozi yake ya nje hukauka na kutaka kusinyaa, hali ndani bado kumejaa maji na hakukubali. Nje hukaza, ndani huzuia, na mwisho wake ni nyufa. Tena ubao hausinyai sawasawa. Kwa urefu wake hausinyai ila kidogo sana. Kwa upana husinyaa sana, na kwa kufuata mizunguko ya umri wa mti husinyaa kama mara mbili ya kufuata mstari wa kutoka moyoni kwenda gomeni. Kwa hiyo ubao uliokaushwa vibaya hupasuka, na pia hujikunja na kupinda.

Kanuni ni hii: ubao wataka upepo mwingi na jua kidogo. Sasa tueleze kazi hatua kwa hatua.

1. Kuchagua mti

Kwanza ruhusa. Kwetu Zanzibar mambo ya miti yamo katika Sheria ya Misitu ya mwaka 1996, na bara katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mwanachama na aende kwa maofisa wa misitu kabla ya kukata, na anayenunua mbao za bara adai karatasi zake za kusafirishia. Mkarafuu haukatwi bila ya ruhusa, na hata hivyo si mti wa mbao za chombo. Uacheni uzae.

Miti ya chombo haina sifa moja. Mvule ni mti mzuri sana: hauozi upesi wala haupindi sana, ila aghalabu una mawe ndani yake yanayoua makali ya msumeno. Mninga, unaoota kwa wingi katika misitu ya Ruvuma, ni mashuhuri kwa kusinyaa kidogo. Hukauka polepole lakini hutulia. Mkongo, ambao wengine pwani huuita mbambakofi, ni mgumu na wa kudumu, na wafaa kwa mkuku. Msaji hauna haja ya kusifiwa. Katika mashamba yetu mfenesi una moyo wa manjano unaostahimili mchwa, na mtondoo una nyuzi zilizofumana, mti wenye nguvu, ijapokuwa ni mgumu kupasua.

Mwembe tunao wote, na ngalawa zetu nyingi zimechongwa kwa mwembe. Si mti mbaya, lakini hauna kinga yake wenyewe. Ukiachwa gogo na gome lake, huingiwa na ukungu wa rangi ya buluu na wadudu wanaotoboa. Mwenye kutumia mwembe hana budi kuupasua upesi, kuukausha vizuri, na kutarajia umri mfupi zaidi.

Tena angalia mti wenyewe. Ukiona nyuzi za gome zinauzunguka mti kama kamba iliyosokotwa, uache, maana mbao zake zitajisokota hivyo hivyo. Ukiugonga kwa shoka ukalia mtupu, umeoza ndani.

2. Kukata na kupasua

Ruvuma ina majira mamoja ya mvua, toka Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, kisha kiangazi kirefu. Mafundi wa ziwani hukata mwanzo wa kiangazi wakapata miezi sita ya kukaushia bila ya kukatizwa. Sisi tuna masika na vuli, basi wakati mzuri ni masika yanapokwisha: kipupwe kina upepo, na jua lake si kali kama la kaskazi. Wazee hupenda kukata mwezi unapopungua. Anayefuata desturi hiyo hapotezi kitu, lakini ajue kwamba mwezi haukaushi mbao.

Gogo lisikae. Mara likianguka, pakeni ncha zake rangi nzito, lami, nta, au udongo na mavi ya ng'ombe kama ya yule mzee. Maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na ndiko nyufa zinakoanzia. Kazi ya dakika kumi huokoa futi nzima ya kila ubao.

Ikiwa wapasuaji wamechelewa, watu wa ziwani waweza kulilaza gogo majini. Halitapasuka, na wadudu wa mbao hawalitaki. Sisi tusiwaige. Maji ya bahari yana wadudu wao wanaotoboa mbao, na gogo lililoachwa horini hurudi kama sega la nyuki. Lilaze kivulini, au katika dimbwi la maji baridi kama unalo.

Wakati wa kupasua, kiini cha katikati kabisa kisiingie katika ubao wowote wa chombo, maana hapo hapakosi kupasuka. Kadhalika mbao nyeupe iliyo chini ya gome iondolewe, kwa kuwa ina wanga, na wanga ni chakula cha wadudu na ukungu. Mpasuaji atanung'unika kwamba unatupa mali. Mwambie kwamba unaitupa nchi kavu. Mbao zenye kupasuliwa kwa kuelekea moyoni hutoka chache na nyembamba, lakini husinyaa kidogo. Hizo wekeni kwa ajili ya mbao za juu, zinazopigwa jua. Ubao unaotakiwa uwe wa inchi 1, upasuliwe inchi 1 na robo, maana utasinyaa, na randa nayo itakula sehemu yake.

3. Kupanga mbao

Chagua mahali penye upepo, pasipotuama maji. Jenga msingi wa mawe au matofali, kimo cha futi 1 na nusu, ulio sawa kabisa. Msingi ukipinda, mbao zote zitapinda nao. Panga mbao safu moja, ziachane kidogo. Juu yake weka vijiti vikavu vya unene wa inchi 1, kila baada ya futi 1 na nusu au futi 2, kisha safu nyingine. Vijiti vya safu zote viwe juu ya vijiti vya chini yake, mstari mmoja mpaka msingini. Vikipishana, ubao utabeba uzito pasipo na mhimili, na utapinda. Vijiti visiwe vibichi, maana vitaacha madoa na kuoza.

Juu ya safu ya mwisho weka mawe mazito. Kisha ezeka paa la makuti au bati lenye kutokeza kila upande, ili jua na mvua visifike ubavuni. Pande ziachwe wazi. Tumeona watu wakifunika mbao kwa turubai mpaka chini. Huko ni kuzipika katika jasho lake.

4. Kungoja na kupima

Ubao wa inchi 1 usitumiwe kabla ya miezi mitatu au minne mikavu. Wa inchi 2 hutaka mwaka au zaidi. Lakini kalenda ni shahidi dhaifu, kwa kuwa mwaka haufanani na mwaka. Shahidi wa kweli ni mizani.

Toa ubao mmoja katikati ya rundo. Usikate ncha, maana ncha hukauka mbele ya wenzake; kata kipande cha inchi 1 katikati ya urefu wake. Kipime mara moja. Kisha kikaushe jikoni juu ya moto mdogo, au katika joko, bila ya kukiunguza, ukikipima mara kwa mara mpaka uzito usipungue tena. Tuseme kilikuwa gramu 140, kikabaki gramu 120. Maji yaliyotoka ni gramu 20. Gawanya 20 kwa 120, zidisha kwa 100: ni 17 kwa mia, kasoro kidogo.

Hicho ndicho kiasi tunachokitaka. Mbao za chombo na ziwe na maji baina ya 15 na 18 kwa mia. Zikizidi 20, ukungu wa kuozesha hupata maisha. Wala zisikauke kupita kiasi, kwa maana mbao kavu mno zikishushwa majini huvimba kwa nguvu, zikasukumana, zikavunja mataruma au kung'oa misumari. Kwa bahati njema, hewa yetu ya bahari yenyewe huzikomesha mbao kiasi cha 16 hivi. Mbao zilizokaushwa Mbinga wakati wa kiangazi huwa kavu zaidi. Anayezinunua azipange kwake kivulini wiki kadhaa kabla ya kuzitumia, zizoee hewa ya hapa.

Asiye na mizani ndogo na aitazame mbao kwa mikono. Ubao mbichi ni mzito, ukiuweka shavuni huwa baridi, na msumari uliopigwa ndani yake ukang'olewa hutoka na unyevu. Anayenunua dukani afanye hivyo kabla ya kutoa fedha.

5. Mkuku na mataruma

Mkuku ni mnene, na kungoja ukauke mpaka ndani ni kungoja miaka. Si lazima. Huo utakaa majini, basi yatosha kuupaka mafuta kila mara na kuukinga na jua mpaka siku ya kushushwa, usipasuke.

Mataruma yasichongwe katika ubao ulionyoka. Ukilazimisha pindo katika ubao ulionyoka, utazikata nyuzi zake, na taruma litavunjika hapo hapo. Tafuta matawi na panda za mtondoo au mfenesi zilizojipinda zenyewe kadiri ya ubavu wa chombo. Mwenye busara hutembea shambani mwake na kigezo cha waya mkononi, akayatia alama matawi mwaka mmoja mbele.

Bahari na ziwa

Mwanachama mmoja alituuliza kama maji baridi si salama zaidi kwa mbao. Kweli, ziwani hakuna wadudu wa baharini. Lakini chumvi huzuia ukungu, na maji baridi hayana kinga hiyo. Mitumbwi ya ziwani huozea ndani, pale maji ya mvua yanapotuama. Hilo latuhusu pia: mashua yetu huchovya chumvi nje, na ndani hukusanya mvua ya masika. Fagieni na kukausha banduru. Mbao iliyokaushwa vema, kisha ikaachwa ndani ya maji ya mvua, ni sawa na karafuu kavu zilizowekwa gunia bichi.

Mwisho

Ndugu wanachama, Chama kimekwisha kununua mbao za mashua nyingine, za mvule na mfenesi. Zimepangwa nyuma ya ghala kwa njia tuliyoieleza, na kila mmoja wenu aweza kuja kuzitazama na kuhesabu vijiti. Kila Ijumaa baada ya sala tunautoa ubao mmoja wa ushahidi, tunaupima wote mzima, na tunaandika uzito wake katika daftari lililotundikwa mlangoni. Uzito ukisimama, tutakata kipande cha kupimia jikoni kama tulivyoeleza. Bado haujasimama. Msimu ukitukuta hatujaanza kuunda, tutakodi chombo cha watu na kulipa nauli, na wasioridhika waje kutulaumu sisi, wasimwendee fundi.

Na kwa kila mti tuliouangusha tumepanda miche mitatu. Atakayeikata pengine ni mtoto aliyekuwa mashuani siku ile.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama